Xeon mbili au EPYC moja: hesabu ya seva ya mtumba hapa Dodoma

Kwa mnunuzi wa kawaida, 28 imeshaishinda 16 kabla mjadala haujaanza. Ndiyo maana seva zilizotumika zenye prosesa mbili za Intel, Xeon E5-2680 v4, zinatoka haraka kuliko nyingine zote: muuzaji anataja kore ishirini na nane (vichwa vya kufanya kazi ndani ya prosesa) na thredi hamsini na sita (foleni za kazi, mbili kwa kila kore), mnunuzi anatikisa kichwa, mzigo unapakiwa. Mwambie huyo huyo aongeze pesa apate mashine ya prosesa moja ya AMD, EPYC 7302P, kore 16, atakuona tapeli.

Mimi huwa namshauri achukue ile ya 16. Si kila mara, na nitafika kwenye hizo nyakati nyingine. Kazi yangu ni kufunga na kutunza seva ndogo: saccos, shule za binafsi, zahanati, ofisi za wakandarasi na washauri waliofuata Serikali ilipohamia huku. Hakuna kituo cha data hata kimoja katika orodha hiyo. Chumba cha seva cha wateja wangu wengi ni stoo iliyotobolewa ukuta ikawekwa kiyoyozi, na karatasi mlangoni inayosema USIZIME. Ninachoandika hapa kinahusu stoo za namna hiyo.

Tuanze na karatasi zake. E5-2680 v4 ilitoka Machi 2016, kizazi cha Broadwell, teknolojia ya nanomita 14. Ina kore 14 na thredi 28, gigahezi 2.4 kwa kawaida na 3.3 ikipandisha, kashe (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya megabaiti 35, wati 120. Bei ya orodha ya Intel ilikuwa dola 1,745 kwa prosesa moja. Sasa zimetolewa kwa wingi kwenye vituo vya data vya Ulaya na Marekani, zimejaa sokoni hadi prosesa yenyewe karibu haina bei. Unacholipia ni boksi, ramu na diski. EPYC 7302P ilitoka Agosti 2019, kizazi cha Rome, usanifu wa Zen 2. Kore 16, thredi 32, gigahezi 3.0 hadi 3.3, kashe megabaiti 128, wati 155, bei ya orodha dola 825. Herufi P mwishoni maana yake inafanya kazi peke yake: hata uiweke kwenye bodi ya soketi mbili, haikubali mwenzake.

Bei hizo mbili zinasema kitu. AMD walikuwa wameliachia soko la seva karibu lote kwa Intel, wakarudi na EPYC ya kwanza Juni 2017, na miaka miwili baadaye wakauza kore 16 kwa chini ya nusu ya bei ambayo Intel waliuzia 14. Hizo za P zilikuwa chambo kwa watu waliozoea kununua soketi mbili kwa mazoea tu. Chambo kizuri, kwa maoni yangu.

Sasa kasi. Wengi wakiona 3.3 kwenye karatasi zote mbili wanahitimisha kwamba kore moja ya huku ni sawa na kore moja ya kule. Siyo. Xeon inafika 3.3 pale kore chache sana zinapofanya kazi. Zote zikiamka inashuka, na zikipewa hesabu nzito za AVX (maagizo ya kupiga hesabu nyingi kwa mpigo) inashuka zaidi. EPYC inakaa karibu na 3.3 hata kore zote zikiwa na mzigo, mradi joto limedhibitiwa. Halafu ndani ya kila mzunguko Zen 2 inamaliza kazi nyingi kuliko Broadwell. Kwa hiyo mhasibu anapobonyeza ripoti ya mwisho wa mwezi, na programu yake ni ya zamani inayotumia thredi moja tu (na programu za uhasibu zinazouzwa hapa nyingi ziko hivyo), kore 27 za Xeon zinakaa zinaitazama moja ikitoka jasho. Hapo EPYC inamaliza mapema, na hakuna wingi wa kore utakaolibadilisha hilo.

Ukiwa na kazi inayogawanyika vizuri, kwa mfano kubadilisha video, kubana mafaili ya chelezo (nakala za akiba), au mashine pepe nyingi (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja) zinazofanya kazi kwa pamoja, Xeon mbili zinajitetea. Kwa mzigo wa aina hiyo zinaikaribia EPYC kiasi kwamba nisingemlaumu mtu akizichagua. Nasema hivi kwa sababu wapo vijana wa AMD wanaozungumza kama Xeon za 2016 zimegeuka vyuma chakavu.

Hata ile 128 ya kashe isikulevye. Si sufuria moja kubwa, ni vikombe vinane vya megabaiti 16, kila kimoja kikinywewa na kore mbili. Thredi moja kwenye 7302P inafaidi megabaiti 16 zilizo karibu nayo. Thredi moja kwenye Xeon inaweza kujinyoosha ndani ya megabaiti 35 zote za prosesa yake. Kuna kazi chache, hasa hazina data (database) yenye jedwali moja linalosomwa na kila mtu, ambazo zinaupenda mpangilio wa Intel. Ila ukiwa na mashine pepe sita au nane zisizojuana, vikombe vinane vinakuwa na faida yake: jirani mlafi hamwagi kashe ya mwenzake.

Soketi mbili nazo zina kodi yake, na haionekani kwenye karatasi yoyote ya bei. Kila Xeon ina ramu yake. Programu inayoendeshwa na prosesa ya kwanza ikihitaji data iliyoko kwenye ramu ya prosesa ya pili, lazima ivuke QPI, kiungo kinachounganisha prosesa hizo mbili, na kuvuka huko kunachelewesha. Mfumo wa uendeshaji hujitahidi kuweka kazi na data yake upande mmoja, lakini ukitengeneza mashine pepe kubwa kuliko upande mmoja wa ramu, umeshaikata katikati. Kwenye EPYC moja ya Rome, ramu yote inapita kwenye kipande kimoja cha kati. Chaneli zake, yaani njia za kwenda kwenye ramu, ni nane za DDR4-3200, jumla gigabaiti 204.8 kwa sekunde kinadharia. Xeon moja ina chaneli nne za DDR4-2400, gigabaiti 76.8, mbili kwa pamoja 153.6.

Kuna jambo moja ambalo linanikera kila ninapofungua seva ya EPYC iliyonunuliwa tayari: ndani unakuta ramu mbili za gigabaiti 64 na nafasi nyingine zote tupu. Chaneli mbili kati ya nane. Umenunua barabara ya njia nane ukaziba sita. Vipande vinane vya 16 vinakupa jumla ile ile ya 128, na mashine inapumua. Muuzaji atakwambia mbili za 64 "zinaacha nafasi ya kuongeza baadaye". Baadaye huwa haifiki.

Turudi kwenye pesa, maana ubishi wote huishia hapo. Nilikuwa kwenye ofisi moja ya saccos maeneo ya Kisasa, nikimweleza mhasibu wao, mama mtu mzima anayeshika hesabu zote kichwani. Aliniacha niseme yote ya kashe na chaneli, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, ishirini na nane si inazidi kumi na sita? Na ni rahisi zaidi. Nikaieleze bodi nini?"

Nikamwambia, "Mama, tuanze na leseni."

Kwa leseni ya kawaida ya kununua, Windows Server Standard inahesabiwa kwa kore. Unalipia kila kore iliyomo kwenye chuma, isipungue 8 kwa prosesa na 16 kwa seva. EPYC yetu ina 16, yaani inagusa kiwango cha chini kabisa bila kupoteza hata moja. Xeon mbili zina 28, kwa hiyo leseni yake inazidi kwa asilimia 75. Na leseni hiyo inakuruhusu mashine pepe mbili tu. Ukitaka nne, unalipia kore zote upya: 56 kwa Xeon, 32 kwa EPYC. Pengo hilo la leseni linaweza kumeza tofauti yote ya bei kati ya seva hizo mbili, na bado likabaki na njaa.

Yule mama alichukua kalamu. Bodi haikuhitaji kusikia habari za Zen 2.

Najua kuna atakayeniambia ofisi nyingi hapa hazinunui leseni. Kweli, na siku mkaguzi wa nje akiuliza, wanaanza kutafutana. Kwa anayetumia Linux na PostgreSQL, programu zisizo na leseni ya kulipia, hoja hii yote inaanguka, na hapo ndipo Xeon mbili zinapopata nafuu kubwa. Muulize mteja anaendesha nini kabla hujafungua mdomo kuhusu prosesa.

La pili ni LUKU. Wati 120 mara mbili ni 240. EPYC ni 155. Tofauti ni wati 85. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo mashine isiyozimwa ina pengo la yuniti kama 745. Bei ya TANESCO kwa matumizi ya kawaida ni shilingi 292 kwa yuniti; weka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unafika karibu shilingi 356. Hiyo ni kama shilingi 265,000 kwa mwaka. Joto hilo hilo lazima litolewe chumbani, na kiyoyozi cha kawaida kinakula takriban wati moja kwa kila wati tatu za joto kinazoziondoa, kwa hiyo sogeza hadi 350,000 hivi.

Lakini hesabu hiyo ni ya mashine inayokimbia kwa nguvu zake zote usiku na mchana, na wati za kwenye karatasi ni kikomo cha kupangia upoozaji, si kipimo cha umeme unaoliwa. Saccos inafunga saa kumi na moja jioni. Usiku seva inafanya chelezo, kisha inalala macho. Hapo EPYC ya Rome ina udhaifu wake: vipande vya kore vimetengenezwa na TSMC kwa nanomita 7 na vinajua kutulia, ila kile kipande cha kati kinachoshika ramu na njia zote za PCIe (za kuunganisha diski na kadi) ni cha nanomita 14 kutoka GlobalFoundries, na hakitulii sana. Nina mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, na nikiipima mashine usiku pengo linasinyaa kuliko nilivyotarajia. Kwa ofisi ya saa za kazi mimi hukata ile 350,000 nusu, na hata hapo naitaja kwa tahadhari. Anayekuuzia EPYC kwa hoja ya umeme peke yake anakupunja maelezo.

Umeme una maana zaidi pale unapokatika. UPS inayobeba mzigo mdogo inadumu muda mrefu zaidi kuliko uwiano rahisi unavyoonyesha, kwa sababu betri za risasi na asidi hutoa jumla ndogo ya nishati zikikamuliwa haraka. Dakika chache za ziada ndizo zinazomwezesha mlinzi kuwasha jenereta kabla hazina data haijaangushwa katikati ya kuandika.

Kuhusu hali ya hewa yetu nitasema kidogo, maana watu huikuza. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Miongozo ya seva nyingi inashusha kikomo cha nyuzi 35 kwa nyuzi moja kwa kila mita 300 ukivuka mita 900 au 950. Kwetu hiyo haifiki hata nyuzi moja. Adui halisi ni vumbi la kiangazi, lile la upepo wa Julai na Agosti unaogeuza mtaa mzima wa Nzuguni kuwa wa kahawia. Linajaa kwenye mapezi ya kipoozeo, feni zinapiga kelele, prosesa inajishushia kasi kimya kimya. Xeon au EPYC, vumbi halichagui. Nunua blowa.

Usalama unaingia kwenye utendaji pia. Januari 2018 dunia iliambiwa kuhusu Meltdown, kasoro ya usalama ndani ya prosesa, na Broadwell ni miongoni mwa zilizoathirika. Kiraka chake kinatoza ushuru kila programu inapoomba huduma kwenye kiini cha mfumo, kitu ambacho hazina data hukifanya bila kuchoka. Vipimo vingi vya E5 v4 utakavyovikuta mtandaoni vilifanywa kabla ya hapo. AMD hawakuguswa na Meltdown, lakini wasijifanye watakatifu: Julai 2023 kasoro nyingine, Zenbleed, iliikuta Zen 2 yenyewe, na ikabidi kuweka maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) mpya. Ukinunua 7302P iliyotumika, kitu cha kwanza baada ya kuiwasha ni kusasisha baiosi, programu inayoiamsha bodi.

Mpaka hapa EPYC inaongoza. Kinachoniyumbisha ni vipuri.

Xeon hizi zinakaa kwenye Dell PowerEdge R630 na R730, na HPE ProLiant DL360 na DL380 za Gen9. Boksi hizo zimetapakaa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, fundi anaweza kuamka alfajiri, akaenda Kariakoo, akarudi jioni na pawa saplai ya R730 kwenye begi. Kwa R6515 au R7515, ambazo ndizo Dell za EPYC ya soketi moja, mara nyingi nimeambiwa nisubiri mzigo wa Dubai. Kwa zahanati yenye seva moja tu, wiki mbili za kusubiri ni gharama kuliko umeme wa mwaka mzima. Nikimfungia mtu EPYC, namwambia anunue pawa saplai ya akiba na feni mbili siku ile ile, na gharama hiyo naiandika kwenye bei ya seva, si pembeni. Habari njema ni kwamba ramu za DDR4 za seva zinazotumika kwenye Xeon hizo zinaingia pia kwenye EPYC, ingawa zitakwenda kwa kasi yao ya 2400.

Na kuna mtego ambao muuzaji anaweza asiujue kabisa. Prosesa za EPYC zina kinga inayoruhusu mtengenezaji wa seva kuifunga prosesa kwa programu dhibiti yake, moja kwa moja, bila kurudi nyuma. Iliyowahi kuwashwa kwenye seva ya Dell inaweza kukataa kuwaka kwenye bodi ya kampuni nyingine. Kwa hiyo ukiona 7302P inauzwa peke yake kwa bei ya kukutekenya, uliza ilitoka kwenye chuma gani, na kama huyo muuzaji ataipokea ikirudi. Xeon E5 hazina shida hiyo. Unaichomoa kwenye Dell, unaichomeka kwenye HPE ya kizazi hicho hicho, inawaka.

Soma pia namba vizuri. EPYC 7282 nayo ina kore 16 na ni Rome, lakini kashe yake ni 64 na njia yake ya ramu imebanwa hadi kama gigabaiti 85 kwa sekunde. Mezani zinafanana kama mapacha. Na fundi anayeifunga awe na bisibisi ya torki: soketi ya SP3 ina pini 4,094 na skrubu tatu zenye namba, unazikaza kwa kufuata 1, 2, 3 na kwa nguvu iliyopimwa. Ukikaza kwa hisia, mashine inawaka ila ramu mbili tatu hazionekani, na utatumia alasiri nzima ukizilaumu ramu zenyewe.

Basi mteja wa Linux, mwenye mashine pepe nyingi ndogo na bajeti iliyobana, mimi humfungia Xeon mbili bila aibu. Shule yenye mfumo mmoja wa matokeo na ada, nampa R730 yenye Xeon moja, ile ya pili naitoa. Anapoteza nusu ya nafasi za ramu na baadhi ya nafasi za kadi kwa nyuma, vitu ambavyo hakuwa na mpango wa kuvijaza, na seva inaanza kula umeme wa kiungwana. Ikiwa ni Windows, kore zake 14 zitalipiwa kama 16, na mbili hizo ni za hewa. Anayelipia leseni, mwenye hazina data inayoguswa na watumishi wengi kwa wakati mmoja na diski za kasi za NVMe zinazotaka njia nne za PCIe kila moja, huyo ni wa EPYC: njia 128 za kizazi cha nne kwenye prosesa moja, dhidi ya 80 za kizazi cha tatu kwenye Xeon mbili.

Ile saccos ya Kisasa ilichukua EPYC. Kwa wanaouliza sasa hivi, naulizia sokoni na 7313P, ya kizazi cha Milan kilichotoka Machi 2021: kore 16 zile zile, wati 155 zile zile, lakini inapanda hadi 3.7, na kila kore nne zinashiriki megabaiti 32 za kashe badala ya mbili kushiriki 16. Bodi nyingi zilizoanza na Rome zinaipokea baada ya kusasisha baiosi. Ikishuka bei kidogo zaidi, sitaitaja tena 7302P kwa mteja mpya.